Rafu ya Mlangoni

Siku hiyo kwenye stoo ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma walikuwepo Akiru, mtunza stoo, na mwanawe Lokol wa miezi mitano mgongoni. Nyamal, mama wa Kinuer kutoka Sudan Kusini, mpanga mizigo, aliyekuwa karibu kujifungua. Lomenen, mzee mlinda lango. Na baadaye Namuar, ofisa kutoka Lodwar. Ni hao tu. Ufunguo ulikuwa mmoja, shingoni mwa Akiru.

Ilikuwa Machi 2013. Akiru alipofungua asubuhi, alikuta robota la sanda kwenye rafu ya mlangoni.

Stoo ile ilihifadhi vitu vya zahanati ya kambini. Kilichotarajiwa kutoka haraka kiliwekwa mlangoni. Kisichotakiwa sana kilikaa nyuma. Kila alipokuja, Namuar aliitazama rafu hiyo tu, akakadiria lori lijalo lilete nini. Sanda ilikaa nyuma kabisa, juu, mahali ambapo Nyamal hakupenda hata kuinua macho.

"Ni wewe umeshusha hii?" Akiru aliuliza.

"Mimi? Na hii tumbo?" Nyamal alicheka. "Mama Lokol, mimi hata kiatu yangu siwezi kuona."

Lomenen akaja akalirudisha robota juu. Kisha akakisogeza kiti chake mwenyewe kivulini ili Nyamal akae, yeye akabaki amesimama juani, akijifanya anapenda jua.

Mchana walifunga, wakakaa nje kunywa chai. Nyamal alikuwa akiipuliza ya Akiru ipoe, asije akamwagia mtoto, ndipo waliposikia kitu kikiburutwa ndani ya stoo. Kikaburutwa taratibu, kikatua. Halafu ukaja mlio wa kitambaa kinachopasuliwa. Kra. Kimya. Kra.

"Panya," Nyamal alinong'ona.

"Panya hapasui kitambaa kwa kunyoosha hivyo," Lomenen alijibu.

Harufu ikapenya chini ya mlango: udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Kakuma haikuwa imeona tone la mvua tangu mwaka uliopita.

Akiru alifungua. Sanda ilikuwa tena kwenye rafu ya mlangoni, imechanwa vipande vifupi, vimekunjwa vizuri, pindo kwa pindo, kama mama anavyokunja nguo za mwanawe. Vyote vilikuwa vya kimo cha mtoto mchanga. Juu ya kile cha kwanza ulilala ushanga mwekundu.

Akiru alipeleka mkono mgongoni, akapapasa shingo ya Lokol. Ushanga wake haukuwepo.

"Ni ekipe," Lomenen alisema kwa sauti ya chini. Hilo ndilo jina la jini kwa Waturkana. Akavua akala zake, viatu vya matairi, akazirusha chini kupiga ramli, akatazama zilivyoanguka, akazivaa haraka.

"Mzee, zimesemaje?"

"Anaagiza watoto. Zimesema tusimwachie rafu."

Hapo gari la Namuar likaingia. Alisalimia, "Ejok," akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Naona sanda inatoka sana. Na ya watoto! Pole. Lori inapakiwa Lodwar sahii. Nitawaambia waongeze sanda, wapunguze chumvi ya kunywesha wanaoharisha. Hiyo kwa rafu siioni, haitoki."

"Ofisa, usipige simu," Akiru alisema. "Hiyo hatukuweka sisi."

"Nani basi? Hiyo mawingu unaiona? Mto Tarach ikijaa, hii ndio lori ya mwisho. Mimi naenda na rafu."

Akaitoa simu. Akiru alielewa. Lile jini halikuhitaji kuua mtu kwa mkono wake. Lilihitaji tu lori lije na sanda, mvua ifunge barabara, watoto wanywe maji machafu, na chumvi ya kuwaokoa iwe imeishia Lodwar.

Alivikumbatia vipande vyote kwa mkupuo mmoja.

"Hizi ni nguo za kupokea watoto," alisema kwa sauti. "Zinaenda kwa wamama."

Nyamal alimtazama, akaelewa, akanyoosha mkono. "Nipe ya kwanza." Akajifunga kitambaa tumboni, mbele ya giza la stoo. "Huyu wangu atavaa hii. Wewe uko ndani, unasikia? Kuja univue! Khalas!"

Akiru alimwachia vilivyobaki, akakimbilia ndani kuleta chumvi rafuni. Mlango ukajibamiza, ukamfungia humo, na harufu ya udongo ikajaa mpaka kooni, na katoni za chumvi alizokuwa akizivuta kuja rafuni zikawa nzito, kila moja ikivutwa kutoka upande wa pili na kitu kisichoonekana, kitu kilichopumua taratibu kama anayembembeleza mtoto alale, na fundo la leso iliyombeba Lokol likaanza kulegea, uzi baada ya uzi, huku vidole baridi vikipita chini yake vikitafuta mguu wa mtoto.

Akiru hakuachia katoni. Mkono mmoja ulishika fundo, mwingine ukavuta.

"Mtunza stoo ni mimi!" alipiga kelele. "Hapa kitu hakitoki bila mimi! Oda yako nimeikataa!"

Mlango ukafunguka. Lomenen alikuwa ameusukuma kwa bega, na pembeni yake Namuar, shati lake jeupe limechanika. Ofisa aliona katoni zikirudi nyuma zenyewe sakafuni. Hakuuliza. Aliziwekea mgongo, akazisukuma pamoja nao mpaka rafu ya mlangoni ikajaa, isibaki nafasi ya kiganja.

Kitu kikapiga paa mara moja, kwa hasira. Harufu ikakatika.

Namuar aliokota ushanga ulioanguka sakafuni, akaupangusa kwenye suruali yake, akamfunga Lokol shingoni yeye mwenyewe.

"Hallo, Lodwar?" alisema kwenye simu. "Shusha sanda. Pakia chumvi. Chumvi tupu."

Lori lilivuka Tarach jioni hiyo, na usiku mto ukajaa. Kuhara kulikuja kweli, kukakuta chumvi mlangoni.

Nyamal alijifungua msichana mwezi wa Aprili, akamwita Nyawech, akamvalisha kile kitambaa mpaka kikachakaa.