Ufagio wa Bibi Batuli

Mimi Mabruki siogopi kitu. Ulizeni mtaa mzima wa Ipuli. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tulichokana, lakini fundi rangi wa kunizidi mkono hapa Tabora bado yupo tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo ukoo ulipokubaliana kuuza nyumba ya marehemu bibi yangu, Bibi Batuli, ile iliyo pembeni ya njia ya zamani ya misafara, kazi ya kuiweka sawa ilikuwa yangu. Nani mwingine?

Siku ya mwisho ilibaki chokaa ya ukuta wa mbele tu. Mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake asubuhi kumalizana. Nikafika kama saa kumi na mbili jioni, ndoo mkononi, nikavua viatu visichafuke.

Uwanja ulikuwa umefagiwa.

Tena. Siku ya tatu hiyo. Majani ya miembe yote yameondolewa, mchanga umechorwa mistari ya ufagio, safi, bila unyayo hata mmoja.

Nikajua ni shangazi Zamda. Anakaa nyumba ya jirani, na katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekataa nyumba kuuzwa. Na huyo, nikamwona anakuja anachechemea, amenishikia kikombe cha chai.

"Shikamoo shangazi. Umeamua kututisha na ufagio?"

"Marahaba. Kwa goti hili, Mabruki? Mwenzio hata kuswali naswali kwenye kiti."

"Basi majini."

Akanong'ona:

"Tazama mistari."

Nikatazama. Anayefagia bila kuacha unyayo hufagia akirudi nyuma, hilo hata mtoto analijua. Mistari ilianzia getini... ikaja... ikaja... ikaishia kizingitini.

Aliyefagia alikuwa ameingia ndani.

Na mlango ule niliupaka rangi ya mafuta jana yake, nikaufunga kabla haijakauka. Kosa la kitoto, msimwambie mtu. Rangi ilikuwa imeugandisha mlango na fremu yake. Haikuwa imepasuka popote.

"Mama alikuwa anafagia kila magharibi," shangazi akasema. "Alikuwa anafuta nyayo zenu. Unyayo wa mtu usilale nje. Mchawi akiuchota mchanga wake, kamchota mwenyewe. Na njia hii, baba, wamepita watu wengi tangu zamani. Wapo ambao hawajafika walikokuwa wanakwenda."

"Wewe hutaki tuuze tu, shangazi."

"Sitaki. Lakini huyo mnunuzi wako... siku ile unamzungusha, mbona alikuwa anatembea nyuma yako tu, macho chini?"

"Anakagua sakafu."

"Uwanjani kuna sakafu?"

Nikacheka kwa nguvu, zaidi ya ilivyohitajika. Adhana ikalia, akaondoka. Mimi nikazunguka nyuma ya jiko. Ufagio wa bibi ulikuwa umeegemea ukuta, ule wa vijiti aliokuwa ameufunga kitambaa chekundu. Nikautupa kwenye moto wa takataka. Tuone kesho atafagia na nini!

Moto ulipoushika, haukunuka moshi.

Ulinuka karafuu. Bibi alikuwa anatafuna karafuu mchana kutwa.

Nikarudi mbele kuchukua ndoo. Hapo ndipo nikasikia.

Fyaa... fyaa... fyaa...

Ndani. Nyuma ya mlango. Polepole, kama mtu mwenye mgongo mbovu.

Fyaa...

Kimya.

Kisha sauti, chini kabisa ya mlango, kama ya mtu aliyelala kifudifudi.

"Mabruki... futa."

Sikukimbia. Nilitembea, ila kwa kasi. Ndoo na viatu nikaviacha palepale.

Asubuhi nilimkuta mnunuzi getini, kafika kabla yangu. Alijiita Lugembe, mtu wa Ziba. Alikuwa anafunga fundo la leso nyeupe, taratibu, kama anayefunga kitu kinachoweza kumwagika.

"Nyumba nimeghairi," akasema. Hata salamu hakuna. Akashika njia ya kwenye miembe, hakugeuka.

Uwanja haukuwa umefagiwa. Majani yametapakaa, na katikati yake nyayo zangu za peku, kutoka mlangoni hadi getini. Nikazifuata. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Kulia...

Wa kushoto wa mwisho haukuwepo.

Haukufutika. Ulichotwa. Pale palikuwa na shimo lenye umbo la mguu wangu, vidole vyote vitano, kingo zake zimekatwa kama kwa kisu.

Wiki ya tatu hii mguu wangu wa kushoto ni wa baridi. Hospitali wamepima, wanasema mzima. Nimeulizia Ziba kwa jamaa zangu wa huko, wauza ng'ombe, watu wanaojua mpaka majina ya mbwa wa jirani. Hakuna anayemjua Lugembe huyo.

Nyumba haiuzwi tena. Nimehamia mimi. Shangazi kanitengenezea ufagio mpya, na kila magharibi naanzia getini, narudi nyuma, narudi nyuma, hadi mlangoni, naingia. Vijana wa kijiweni wananiita bi harusi. Wacheke tu.

Juzi homa iliniangusha, sikufagia. Nikiwa kitandani, giza linaanza, nikasikia nje: fyaa... fyaa... Moyo ukatulia. Nikasema bibi kanisamehe.

Asubuhi nikajikongoja kwenda kutazama.

Mistari ilianzia mlangoni. Ikaishia getini.

"Ametoka," shangazi akanong'ona nyuma yangu. "Labda kaufuata unyayo wako ulio kwenye ile leso."

Labda. Mimi siogopi kitu, ulizeni Ipuli nzima.

Ila tangu jana mguu wa kulia nao umeanza kupoa.