Tope Kizingitini

Maiti ililala chali kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kisogo kwenye kona ya benchi la saruji. Marehemu alikuwa msaka vipaji wa klabu, mzee wa miwani na kofia. Yeye ndiye aliyemleta mshambuliaji mpya ambaye nusu ya mji ilimlaani kila Jumapili.

Inspekta aliinama kumtazama, magoti yakamlia. Alikuwa mama wa makamo. Maiti zilikwisha kuacha kumtisha. Sasa zilimchosha tu.

"Amekufa alfajiri," daktari wa polisi alisema akivua glavu. "Kisogo kimepasuka, kifuani pana mchubuko. Alisukumwa."

"Ni mwizi huyo," mwenyekiti wa klabu alidakia kutoka mlangoni. "Andika mwizi, Inspekta, tuendelee. Jioni nina mkutano wa wanachama."

"Wa nini?"

"Wa mshambuliaji. Wanataka kujua kama anastahili pesa tuliyotoa, au tumwuze. Marehemu ndiye aliyekuwa aseme."

Koplo, aliyekuwa akipima eneo la tukio kwa utepe, alicheka puani. Klabu hii aliipenda tangu tumboni mwa mama yake.

"Anastahili nini, mzee? Mmekopa benki, mtu kafunga goli moja, tena mpira umemgonga mgongoni. Wahenga walisema rahisi ghali. Huyu ni ghali, na bado ghali. Ndiyo maana mtaani tunamwita Mkopo."

"Pima, Koplo," Inspekta alisema.

Akasogea mlangoni. Nje ya kizingiti palikuwa na mabonge ya tope lenye majani, yametobolewa matundu ya mviringo. Mvua ilinyesha usiku kucha, na tope lilikuwa bado bichi.

Mama mfua jezi, aliyeiona maiti wa kwanza, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono magotini.

"Shikamoo, mama. Hili tope ni la nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni la mtu mwenye adabu. Humu haingii mtu na tope. Mwenye njumu anazivua, anazigonganisha hapo nje soli kwa soli, ndipo aingie. Hata mwenyekiti nilishamrudisha."

"Jana walicheza?"

"Jana na leo mapumziko. Uwanja umefungwa."

Inspekta akamgeukia mwenyekiti. "Mwizi hagonganishi viatu mlangoni."

Walikagua rafu. Njumu zote zilikuwa kavu, zina vumbi. Jozi moja tu ilikuwa imelowa. Ilikuwa imeoshwa vizuri na kushindiliwa magazeti ndani isije ikajikunja.

"Hizo za Mkopo," mama mfua jezi alisema taratibu.

"Haiwezekani, afande," Koplo alisema. "Yule mazoezi anayakwepa kama mdaiwa. Tope alitoe wapi?"

"Ndilo nitakalomwuliza."

Mkopo aliletwa kituoni kabla ya adhuhuri. Kijana mrefu, kavaa kandambili. Alipoketi aliunyoosha mguu wa kushoto kama mtu anayemlaza mtoto.

"Una haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa," Inspekta alisema. "Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Viatu vyako vimelowa."

"Labda paa linavuja."

"Linavuja juu ya viatu vyako peke yake?"

Inspekta akaweka mezani mfuko wa kielelezo, tope ndani yake.

"Matundu haya yamelingana na njumu zako. Siku ya mapumziko ulifuata nini uwanjani?"

Mkopo alilitazama lile tope.

"Mazoezi."

"Peke yako?"

"Kila alfajiri. Naruka ukuta. Mbele za watu goti linanigomea, wananizomea. Nikiwa peke yangu nalibembeleza."

Koplo aliacha kuandika.

"Goti lina nini?"

"Lilikwisha haribika kabla sijasaini, na yule mzee aliyenileta alijua. Siku ya kupimwa afya alinichoma sindano ya ganzi, akaniambia tembea kama bwana harusi."

"Leo je?"

"Nilimwomba aje tuonane kabla ya mkutano. Nilitaka awaambie kuwa mimi ni mgonjwa, si mvivu. Basi. Mama yangu anazomewa sokoni kwa sababu yangu."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, 'Mvivu ananunulika, kijana. Mbovu hanunuliki. Jioni nitawaambia u mvivu, tukuuze kwa wengine.'" Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikamsukuma. Sikuliona benchi nyuma yake. Nilimwita, hakuitika."

"Kisha?"

"Nikaosha viatu."

"Kuficha ushahidi?"

"Ningetaka kuficha, ningeondoka navyo. Ukitoka uwanjani unaosha viatu, afande. Ndivyo nilivyofundishwa."

Inspekta alifumba macho kidogo. Kijana huyu alikuwa amekamatwa na jasho lake mwenyewe, lile ambalo mji mzima uliapa kuwa hana. Akamsukumia karatasi ya maelezo. Mkopo akatia sahihi.

Walimtoa kumpeleka mahabusu ya mjini. Ua wa kituo ulikuwa umejaa tope. Kwenye mlango wa gari Mkopo alisimama, akavua kandambili kwa shida, pingu mikononi, akazigonganisha soli kwa soli.

"Twende, bwana," dereva alisema.

"Mwache," Koplo alisema. "Mwache amalize."