Namba ya Mama

Haya yalimpata rafiki yangu Mwanvita, na hadi leo hapendi kuyasimulia. Alikwenda Mlali kununua maharage, akamwacha mama yake mgonjwa nyumbani Mafiga. Mvua ikamkuta huko, simu ikaisha chaji. Akajibanza dukani kwa Mzee Abasi.

"Shikamoo, mzee. Naomba simu nimjulie hali mama."

"Marahaba. Taja namba."

Moyo ulimsuta. Miaka yote mama alimwambia, "Ishike kichwani, mwanangu," naye akimjibu kwamba iko kwenye simu. Alitaja tarakimu nne, akakwama.

Ndipo kutoka kwenye giza la stoo, nyuma ya duka, sauti ya mwanamke ikataja zilizobaki, mbili mbili, taratibu. Mzee Abasi aligeuka haraka. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Mwanvita akapiga. Akapokea jirani, analia.

"Mama katutoka sasa hivi. Alikuwa anataja namba yake tu, eti usije ukaisahau."

Mvua ilikatika, bati likanyamaza. Kule stoo, sauti ikaanza kuitaja tena namba ile, tangu mwanzo.