Bendera Iliyofichwa Kifuani

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kupandisha bendera. Alikuwa akitoka chumbani macho bado mazito, anafungua kisanduku cha mbao chini ya usukani, anatoa bendera ya nchi yao na kuifunga nyuma ya boti. Jua likizama aliishusha, akaikunja, akairudisha kisandukuni. Siku waliyong'oa nanga baba yake alikuwa amemwambia, "Wewe ndiye mkuu wa bendera humu. Mtu mwingine asiziguse, hata mimi mwenyewe." Tangu hapo Chiriku alitembea kifua mbele utadhani kavishwa nishani.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye pasipoti tu. Watu walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, maana mdomo ule haukuwa na breki. Mjomba wake alikuwa akisema, "Mtoto huyu akilala ndipo ninaposikia kama injini inanguruma au imezimika."

Ndani ya boti walikuwa watatu. Baba alikuwa fundi wa boti, na boti hiyo nyeupe aliiunda kwa mikono yake. Mteja aliyeiagiza aliishi nchi ya jirani, ng'ambo ya maji, na ilikuwa mara ya kwanza kwa baba kumuuzia mtu wa nchi nyingine. Mjomba, mdogo wake mama, alishughulikia injini. Alikuwa mcheshi na fundi hodari, ila msahaulifu kupindukia. Mkewe ndiyo kwanza alikuwa amejifungua, na kazi hiyo aliihitaji kama pumzi.

Sasa, siku moja kabla hawajafika, mjomba alifua shati lake akalianika kwenye kamba ya bendera. Baba alipoliona likipepea juu, alikuja juu kweli kweli.

"Shemeji! Hiyo ni kamba ya bendera, si ya nguo!"

"Shati nalo lina rangi za taifa, shemeji," mjomba alijibu akicheka.

Baba hakucheka. "Mteja akiona uzembe kwenye boti hii, nitamwambia nini? Ukirudia tena, tukifika nakupandisha basi la kuzunguka nchi kavu urudi nyumbani, na injini natafuta mtu mwingine."

Mjomba akashusha shati lake. Chiriku alimwonea huruma, akampa chungwa kutoka kwenye wavu wa machungwa waliyochuma nyumbani.

Kesho yake mchana wakaingia bandarini. Baba alimkabidhi Chiriku bendera ndogo ya njano. "Ipandishe kwenye kamba ya kulia, ikae pale mpaka watu wa forodha watukague. Kabla ya hapo mimi nahodha peke yangu ndiye ninayeshuka. Mtu mwingine hashuki, mgeni hapandi, na kitu chochote hakitoki. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Siku nyingine yoyote Chiriku angeuliza, mbona njano, mbona si nyekundu, na nani kaamua? Lakini siku hiyo macho yake yalikuwa yameshatekwa na gati, maduka na watu wengi wasiojulikana. Akapandisha bendera bila kuuliza lolote.

Baba akavaa shati lililopigwa pasi, akachukua bahasha yenye pasipoti na karatasi za boti, akaenda ofisi ya forodha. Mjomba akajitosa kwenye chumba cha injini kufuta mafuta. Chiriku akabaki juu peke yake.

Punde likatokea kundi la watoto waliotoka shule. Walikuwa wa rika lake, sare zao safi, na mmoja alikuwa msichana mwenye viatu vyeupe pe! Chiriku alifurahi, akapunga mkono.

"Msisogee!" mvulana mmoja akapiga kelele. "Hamwoni bendera ya njano? Babu yangu amesema boti ya bendera ya njano ina maradhi!"

Wote wakaziba pua. "We dada, unaumwa nini? Upele?" mwingine akauliza, na kicheko kikalipuka.

"Mimi siumwi!"

"Basi mbona mmetundika hiyo?"

Chiriku akaitazama ile bendera. Hakujua. Akajitazama. Blauzi yake ilikuwa na madoa ya rangi ya boti, nywele zimekakamaa kwa chumvi, na miguu ilikuwa haijasuguliwa tangu waondoke nyumbani. Msichana wa viatu vyeupe alimshika mkono mdogo wake akamvuta nyuma taratibu, kama mtu anayemwepusha mtoto na moto. Hilo ndilo lililomkata maini. Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Hakufikiri mara mbili. Alifungua kamba, akaishusha bendera ya njano, akaikunjakunja na kuitumbukiza ndani ya blauzi yake.

"Bendera gani?" akasema huku akilazimisha tabasamu. "Mimi sioni bendera hapa."

Watoto walitazamana, wakacheka, safari hii kicheko cha urafiki. Wakasogea mpaka ukingoni mwa gati. Haikuchukua muda Chiriku akarudi kuwa Chiriku. Aliwasimulia mawimbi, akatia na chumvi kidogo, kisha akamrushia msichana wa viatu vyeupe chungwa moja. "La kwetu hilo," alimwambia. "Mti wake uko nyuma ya nyumba yetu." Msichana akalidaka, akashukuru, na wote wakaenda zao.

Kumbe baba naye yuko njiani. Alikuja akiongea kwa furaha na mama mmoja aliyevaa sare na kofia, ofisa wa forodha, na nyuma yao alifuata mlinzi wa gati. Ofisa akasimama ghafla.

"Nahodha, bendera yako ya njano iko wapi?"

"Ile pale," alisema baba akinyoosha kidole juu. Kidole kikabaki hewani kikionyesha kamba tupu.

Uso wa ofisa ulibadilika. "Ofisini umeniambia imepanda tangu mnaingia. Boti isiyo na bendera ya njano, na haina muhuri wetu, kwangu ni boti iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Naweza kuizuia hapa hapa."

"Afande, haki ya Mungu ilikuwa juu!" Jasho lilimtoka baba. Mara akakumbuka jambo. "Shemeji! Hebu toka huko!"

Mjomba akachomoza kichwa, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko. "Kuna nini, shemeji?"

"Umeanika nini tena?"

"Mimi? Tangu tufike niko na injini humu."

"Nani mwingine basi? Binti yangu hawezi kuigusa, kazi yake anaijua. Jana shati, leo umenitia aibu mbele ya serikali ya watu! Chukua mfuko wako. Boti ikiachiwa, isipoachiwa, wewe unarudi na basi."

Binti yangu hawezi. Maneno yale yalimchoma Chiriku kuliko matusi. Alitamani sitaha ipasuke immeze. Alijua anachotakiwa kusema, tena kilikuwa kifupi tu, lakini ulimi wake, ule uliozoea kukimbia kutwa nzima, ulikuwa mzito kama nanga. Akatazama vidole vya miguu yake.

Alipoinua macho, mjomba alikuwa anamtazama. Hakumtazama usoni. Alitazama shingoni, pale ambapo kipembe cha kitambaa cha njano kilikuwa kinachungulia kwenye kola ya blauzi. Chiriku akakifunika haraka kwa kiganja. Sasa atasema, aliwaza. Ameniona, atasema.

Mjomba akafuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akamgeukia ofisa. "Ni mimi, afande. Nilitaka kamba ya kuanikia kitu. Nahodha hana kosa." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa nguo, akauweka sitahani.

Jamani, kuna adhabu inayozidi hiyo? Mtu amekuona, halafu anabeba mzigo wako bila kukuuliza! Machozi yalimtoka Chiriku kabla ya sauti.

"Si yeye!" Akaingiza mkono kifuani, akaichomoa bendera, ina joto na jasho lake. "Mjomba hajagusa kitu. Ni mimi, baba."

Baba aliitazama bendera, kisha akamtazama yeye. "Wewe?" alisema kwa sauti ya chini. Afadhali angefoka.

Chiriku akaeleza yote: ukuu wake wa bendera, watoto, pua zilizozibwa, upele. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho, halafu akaichukua bendera na kuikunjua.

"Nani amekuambia hii ni bendera ya wagonjwa?"

"Wao. Babu wa mmoja wao."

"Babu huyo amekumbuka mambo ya zamani sana. Siku hizi maana yake ni kinyume. Boti ikipandisha hii inasema, 'Humu ndani sisi ni wazima, tunaomba ruhusa ya kuingia.' Umeficha kitambaa kilichokuwa kinakutetea, mwanangu."

Kama aibu ya kwanza ilikuwa imemwasha masikio, hii ilimshuka mpaka kwenye nyayo. Angemuuliza baba mapema, angekuwa na jibu la kuwapa wale watoto!

"Haya," ofisa akaendelea, sasa kwa upole. "Kuna aliyeshuka? Kuna kitu chochote kilichotoka kwenye boti?"

"Hakuna, afande," baba alijibu upesi. "Hilo naliapia."

Kati ya waliosimama pale hapakuwa na aliyeona. Baba alikuwa ameshaanza kupumua, na Chiriku angenyamaza tu, mambo yangeisha. Lakini alimwona mjomba amesimama kando ya mfuko wake, akakumbuka na yale maneno ya baba ya muda mfupi uliopita: binti yangu hawezi.

"Chungwa," alisema. "Nimempa msichana mmoja chungwa letu."

Baba akafumba macho. Mlinzi akatoka mbio. Aliporudi aliandamana na watoto wote, na msichana wa viatu vyeupe alikuwa ameshika chungwa lililomenywa nusu, maganda yakiwa katika mkono wa pili. Ofisa akavitia vyote kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Tunda linaonekana zuri, lakini ndani yake anaweza kuwemo mdudu ambaye huku kwetu hayupo," aliwaambia wote. "Huyo mmoja akizaana, wakulima wetu watalia. Ndiyo maana hakuna kinachotoka kabla hatujatazama. Sasa wewe mkuu wa bendera, irudishe mahali pake."

Chiriku aliipandisha bendera ya njano mbele ya macho ya watoto wale wale. Hakuna aliyeziba pua. Msichana wa viatu vyeupe alitazama chini, naye kaona aibu.

Ofisa alikagua boti chumba kwa chumba. Wavu wa machungwa ulichukuliwa ukachomwe moto, na baba akapewa onyo kali. "Nimewaachia kwa sababu mbili," ofisa alisema huku akigonga muhuri. "Nahodha alikuja ofisini mwenyewe, na huyu mtoto alisema hata lile ambalo nisingelijua. Mngeshikilia uongo, boti ingelala hapa."

Alipoondoka, baba alimwendea mjomba. "Shemeji, nimekuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe," mjomba akajibu. "Sijui kuhusu shati langu, hilo lina kinyongo."

Safari hii baba alicheka, ila si sana. Akamshika Chiriku bega. "Sikiliza, mwanangu. Ukichekwa, wanaocheka wataenda zao na kicheko chao. Uongo hauendi. Unakaa na wewe, unamla hata mtu asiyehusika. Mjomba wako nusura apande basi kwa sababu ya kicheko cha watoto usiowajua."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Akaishusha bendera ya njano, na mahali pake akapandisha bendera ya nchi waliyofikia. Kutoka gatini mvulana yule aliuliza, safari hii kwa adabu, kama kweli ile ya njano haikuwa ya maradhi. Chiriku akamweleza mara moja tu, kwa maneno machache.

Kisha akaubeba mfuko wa mjomba, akaurudisha ndani, akaanza kuzitoa nguo mwenyewe. Katikati ya nguo alikuta soksi ndogo za mtoto mchanga, mpya, bado zimeunganishwa kwa uzi wa dukani. Alizishika kitambo. Akaziweka mahali pakavu, akachukua shati la mjomba ambalo lilikuwa bado bichi, akatoka nje kwenda kumuuliza baba mahali pa kulianika.