Mfuko wa Saba

Kila asubuhi ya likizo, Kipua alivaa glavu na kumsaidia shangazi yake maabarani. Shangazi ndiye aliyembandika jina hilo, kwa kuwa hakuna harufu iliyompita mtoto yule. Na maabara ile ilinuka, usiombe. Mifuko kumi ya mwani wa kahawia ilipangwa sakafuni, inatoa ute kama kamasi.

"Kwa macho utadhani wote ni mwani mmoja," alisema shangazi, ambaye alikuwa mkemia. "Lakini ukiupima, kila aina ina kemikali zake. Hapo ndipo tunapojua ipi ni ipi."

Kipua aliosha mwani, akausaga, kisha akautia kwenye chupa yenye namba ya mfuko wake. Alipofungua mfuko wa saba, alikuta konokono na minyoo wameoza, wamenata kwenye majani. Roho ikamchafuka. Akaufunga upesi, akachota tena mwani wa mfuko wa sita, akausaga na kuutia kwenye chupa namba saba. Nani angejua?

Kesho yake shangazi alimwita huku anacheka peke yake.

"Njoo uone, mwanangu. Wa sita na wa saba vipimo vyake vimelingana kabisa! Miaka yote tumefundishwa ni aina mbili, kumbe ni moja. Leo hii nawaandikia wenzangu."

Kipua alihisi kichefuchefu kikubwa kuliko cha jana, na safari hii hakikutoka kwenye mfuko. Alijichukia. Wenzake shangazi wangepima wenyewe, naye angechekwa kazini.

"Shangazi, usiandike. Wa saba sikuusaga. Ulinitia kinyaa, nikarudia wa sita."

Shangazi aliacha kucheka. Akaweka kalamu chini, akamsogezea mfuko.

Kipua alibandua minyoo mmoja mmoja. Mara mbili alikimbilia ndoo kutapika, mara mbili akarudi. Akaosha, akasaga. Jioni vipimo vilitoka: wa saba ulikuwa aina nyingine kabisa.

"Kuona kinyaa si kosa," alisema shangazi. "Hata mimi naona. Ungeniambia umeshindwa, ningekusaidia. Lakini ulinipa uongo, nami nikaufurahia, na kidogo tu niwape na wengine. Hilo ndilo linalonichukiza mimi."

Kipua aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Sasa lete wa nane."

Kipua aliufungua, akageuza uso. "Huu siuwezi peke yangu."

Shangazi akavaa glavu.