Kalori za Jumamosi

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika kama ndoo iliyosahauliwa bombani. Spika tatu zilipiga miziki mitatu tofauti, watu wakipigana vikumbo, na mbele ya kaunta ya saa za kupimia mazoezi alisimama mwanamke mwenye gauni la zambarau, koti lake jeupe la kazini amelikunja mkononi. Alikuwa mpima macho katika kliniki ya ng'ambo ya barabara, na mapumziko yake ya mchana yalikuwa yanayoyoma.

"Dada, ukichukua mbili, ya pili ni nusu bei," muuzaji alimbembeleza.

"Nina mikono miwili, lakini saa navaa mmoja."

"Hata mimi nataka moja," sauti nzito ikasema nyuma yake. "Tuchukue mbili, tugawane hiyo nafuu."

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu yenye doa la grisi kifuani, mkanda wa bisibisi na koleo kiunoni. Fundi wa lifti, alijitambulisha. Ile ya jengo hilohilo ndiyo kwanza ameitoa kwenye ubishi.

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umenitia hasara, na hata hatujajuana."

Mwanamke akacheka, wakalipa. Muuzaji, kwa haraka zake, akazisajili saa zote mbili katika akaunti moja ya familia. "Ninyi ni mume na mke, sivyo?" aliuliza, akamwita mteja mwingine kabla hajajibiwa. Toka hapo kila mmoja akawa anaona kwenye simu yake mapigo ya moyo ya mwenzake na kalori alizochoma.

Wangeweza kuzitenganisha. Hakuna aliyethubutu.

"Kalori mia mbili tu leo, daktari?" fundi alipiga simu jioni moja. "Ulikuwa unafanya mazoezi au unayaangalia?"

"Mimi si daktari, ni mpima macho. Na wewe unayepanda ngazi kutwa usijilinganishe na watu wa kiti."

"Basi nitakuita Mboni."

"Mboni ya nani?"

"Tutajua mbele ya safari."

Ikawa ndiyo mazungumzo yao. Asubuhi ni utani wa kalori, mchana ni chakula cha pamoja kwenye ngazi za nyuma za kliniki, na siku za mapumziko ni matembezi ya bustanini, yeye na raba zake nyeupe, fundi na fulana iliyombana mabega hadi Mboni akajifanya anatazama maua. Shangazi yake, aliyemlea na aliyekuwa bado anaishi naye, aliona jinsi simu ilivyokuwa ikienda naye hata jikoni.

"Huyo anayekuchekesha mbele ya sufuria, ana kwao?" aliuliza.

"Anako, Shangazi."

"Basi siku moja aje tumwone."

Jambo moja Mboni hakumficha fundi. Miaka iliyopita alichumbiwa na mtu wa safari za kikazi, na safari zenyewe zikawa nyumba ya pili yenye mke na watoto. "Uongo wa aina yoyote siuwezi," alimwambia. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaubana mkono wa Mboni.

Kisha zikaja Jumamosi.

"Leo sitoki, mpenzi," fundi alimwambia asubuhi. "Wiki imenichosha, najinyoosha tu kitandani." Adhuhuri Mboni akafungua simu amtanie, akakuta fundi amechoma kalori mia sita, mapigo mia moja na arobaini, muda wa saa nzima na zaidi. Akadhani saa imekosea. Jumamosi iliyofuata, mambo yakawa yaleyale. Ya tatu pia.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mboni alimweleza shangazi yake, na shangazi akaweka kisu cha vitunguu chini.

"Mtu aliyelala hachomi hivyo, mwanangu. Labda hakulala peke yake."

Alasiri hiyo Mboni alikwenda bustanini amevaa raba zake, akabonyeza kipimo cha mazoezi kwenye saa, lakini hatua chache baada ya geti akashindwa kuvumilia. Akaketi kwenye benchi, akapiga simu.

"Uko wapi, Fundi?"

"Nyumbani, Mboni wangu. Nimelala tangu asubuhi."

"Saa yako inasema moyo ulikwenda mbio saa nzima. Ulikuwa unalala au unakimbizwa?"

Alimsikia Fundi akihema.

"Nijibu."

"Hilo naomba usiniulize leo. Nitakueleza."

"Utanieleza ukishatunga!"

Akakata. Fundi alipiga tena na tena, simu ikilia mapajani mwa Mboni bila kupokelewa. Mboni aliketi palepale kifua kikimpanda na kushuka, akililia mapenzi haya na yale ya zamani kwa pamoja, mpaka kivuli cha mti kikamfikia. Alipoinuka ndipo saa ikatetemeka. Aliitazama mara mbili. Kalori mia tatu na ushee, na maneno ya hongera kwa mazoezi mazuri.

Mazoezi gani? Kutoka getini hadi benchini hata mtoto anayetambaa asingehema. Saa ilihesabu mapigo tu. Uchungu wake iliusoma kama mbio. Kazini mashine zilimpa makisio ya macho ya mgonjwa, lakini hakuwahi kumwandikia mtu miwani kwa makisio hayo. Kwanza alimuuliza mwenyewe anaona nini. Alimuuliza Fundi pia, ndiyo, ila jibu alikuwa nalo tayari kabla ya kupiga.

Lakini yule mtu alisema amelala, naye hakulala. Hapo ndipo moyo ulipogoma, na simu hakuipiga.

Siku tatu baadaye, mgonjwa wa mwisho wa asubuhi aliingia chumbani kwake. Shati jeupe lililopigwa pasi, kofia mkononi.

"Natakiwa nipimwe macho," fundi alisema. "Kabla ya mtihani wa udereva."

Mboni akamwonyesha kiti. "Weka kidevu hapa. Soma mstari wa chini."

Akausoma. Mboni akageuza lenzi. "Unaona vizuri hivi, au hivi?"

"Hivi. Mboni, nilipokuwa kijana, kaka yangu alikuwa ananifundisha kuendesha, nikalipindua gari. Yeye hadi leo anachechemea. Tangu siku hiyo sijagusa usukani."

"Na hivi?"

"Sawasawa. Jumamosi natembea hadi shule ya udereva nimewasha kipimo cha mazoezi, na nikifika nasahau kukizima kwa hofu. Nakaa kitini tu, nakanyaga klachi, moyo unataka kutokea mdomoni. Mwanamume anayening'inia ghorofa ya kumi kwa kamba, analowa jasho kwa gari lililosimama. Ningekuambiaje?"

Mboni aliisogeza mashine, akamtazama bila vioo katikati. Macho yalikuwa mekundu, lakini mazima.

"Ungeniambia hivyohivyo. Mimi ningecheka kidogo, halafu ningekushika mkono."

"Nilikudanganya. Saa ilikosea hesabu, mimi nilikusudia. Nisamehe."

"Na mimi nilikuhukumu kabla hujafungua kinywa. Nisamehe na wewe." Akashusha pumzi. "Macho yako mazima. Endesha."

Mtihani aliufaulu alipojaribu mara ya pili. Ijumaa iliyofuata aliazima gari la kaka yake, akaja kumchukua Mboni kazini. Mboni alikuwa amevaa gauni la kijani na hereni ndefu. Fundi hakuviona, macho yote barabarani, vidole vimeganda kwenye usukani. Kwenye makutano gari likazimika. Nyuma yao honi zikaanza.

"Mboni."

"Washa gari kwanza."

"Nikisubiri nitaishiwa ujasiri. Nataka kukuoa."

"Hapa? Katikati ya njia?"

"Popote utakaposema."

Honi zilizidi, dereva mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama wamefia humo. Mboni aliuweka mkono wake juu ya mkono wa fundi, juu ya gia.

"Washa. Taratibu. Sasa kata kulia."

"Kulia kuna nini?"

"Kwa Shangazi. Mimi nimekubali, lakini mambo ya kuoa hayamalizwi na watu wawili kwenye makutano."