Mlio Asiousikia Bingwa

Mtaa mzima ulimwita Bingwa kwa kejeli, naye, masikini wa akili, akadhani anasifiwa. Alikuwa fundi wa umeme, na siku hizo alikuwa anabuni kijimashine cha kutoa mawimbi ya mraba. Unabonyeza namba, chipu inawasha na kuzima umeme kwa kasi uliyoitaka, spika inalia, na skrini ndogo inachora mstari wa wimbi lenyewe. Ndiyo hivyo tu. Lakini kwa majivuno yake ungedhani kaumba jua.

Asubuhi moja alipandisha namba hadi mlio ukapotea. Mashine ilikuwa bado inafanya kazi, ila kwa kasi inayopita masikio ya mtu mzima. Bwana mkubwa hakuona haja ya kuizima. Asichokisikia yeye, kwake hakikuwepo.

"Baba, kinaniuliza jina," binti yake mdogo alinong'ona mlangoni.

"Nani?"

"Wa kwenye spika."

"Basi kiambie, tupumue!" Alicheka bila hata kugeuka. Mtoto akainama kwenye spika, akataja jina lake.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, ingawa chuma chake cha kuchomelea waya kilikuwa baridi. Bingwa akanusa, akatukana waya. Kisha namba zikaanza kushuka zenyewe, bila kidole kuzigusa, zikashuka na kushuka mpaka mstari kwenye skrini ukawa unapanda wima, unatulia, unaanguka wima, unatulia, na kifua cha mtoto, aliyekuwa ameshaanguka sakafuni macho wazi, kikawa kinapanda ghafla pamoja nao, kinatulia, kinaanguka ghafla, kinatulia, wala hakuna pumzi ya binadamu iendayo hivyo.

Mkewe alikimbia kumwita mganga, mama mtu mzima wa nyumba ya pili. Mganga akapiga magoti, akasoma, akamwamuru jini atoke.

"Nimekaribishwa," spika ikajibu, kwa sauti ya mtoto.

"Upuuzi mtupu!" Bingwa akafoka, jasho likimtoka. "Mama, hii ni sayansi. Tazama." Akaizima mashine.

Kifua cha mtoto kikashuka, kikabaki chini. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Mama yake akapiga yowe, na yule mjuaji akaikosa swichi mara mbili, kisha akaiwasha tena. Kifua kikapanda.

Mganga akasimama taratibu, akajifunga kanga yake.

"Angekuwa ndani ya mtoto ningemtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ni mtoto aliye ndani yake. Usiizime tena, mwanangu."

Alipoondoka, mke alisogea karibu na mumewe, akamnong'oneza, "Na umeme ukikatika?"

Bingwa alikumbatia ile mashine, akalia kwa sauti, na juu yao taa ya chumba ikaanza kufifia.